Elektroni Mbili Kwenye Ufa wa Benchi

Benchi letu liko ubavuni mwa geti la nyuma la chuo kikuu, jirani na kibanda cha kunyolea, na lina ufa katikati. Ubao ulipasuka zamani na hakuna aliyeutengeneza, kwa sababu kila mmoja wetu anajua pa kukaa. Ukikaa kwenye ufa unabanwa paja. Mimi, fundi viatu, hukaa mwisho wa kushoto, viatu vya watu chini ya miguu yangu, sindano mkononi. Wananiita Gundi kwa sababu ya kazi yangu, na kwa sababu nikikaa sibanduki. Mwisho wa kulia ni wa Hakimu, aliyekuwa karani wa mahakama mpaka akastaafu, na tangu hapo anatoa hukumu bila kuombwa. Karibu yake hukaa Waya, fundi wa redio na simu, ambaye akifungua kifuniko cha kitu chochote husema tatizo ni mkondo. Mbele yetu Mama Birika anauza kahawa na haongei sana. Wa tano ni Wembe, mwenye kibanda cha kunyolea. Mke wake anafanya utafiti mle ndani ya geti, anasomea udaktari wa mambo ya elektroni, na kwa hilo nimemwonea Wembe wivu siku zote, sifichi. Asubuhi ile alikuja na taulo begani, hajanyoa mtu, uso umekunjamana kama soli iliyolowa.

Mama Birika: Umeamkaje, baba?

Wembe: Nimeamka. Nipe kahawa, usiniulize.

Hakimu: Huyu kaibiwa.

Wembe: Bado, mzee. Ndo naibiwa.

Waya: Unaibiwa nini?

Wembe: Mke. Mke wangu ana mtu.

Waya aliweka bisibisi chini. Mimi nilijichoma sindano.

Waya: Shemeji? Huyu huyu anayepita hapa na mkoba mgongoni, anasalimia kila mtu?

Wembe: Anayesalimia kila mtu ndiye wa kumwogopa.

Hakimu: Leta ushahidi.

Wembe: Jana nimempigia simu kutwa nzima, hapokei. Namuuliza, ananiambia simu wanaziacha nje, kwenye sanduku la mlangoni, eti zinasumbua vipimo. We Waya, simu inamsumbua nani?

Waya: Inategemea na mkondo.

Wembe: Na mle ndani wanakuwa wawili tu. Yeye na Daktari, msimamizi wake. Mlango unafunguka kwa kadi. Feni wamezima, eti mtikisiko. Ukitembea, utembee polepole. Sasa niambieni, watu wawili, mlango wa kadi, simu nje, na kutembea kwa kunyata. Wewe Gundi ungewaza nini?

Mimi: Ningewaza vibaya.

Nililisema haraka kuliko nilivyokusudia. Kusema kweli, moyo wangu ulikuwa umechangamka. Mtu ukimwonea mwenzako wivu kwa kitu, halafu kitu chenyewe kikaonekana kina kasoro, unapata nafuu fulani mbaya.

Hakimu: Penye moshi pana moto.

Wembe: Ndo shida yenyewe, mzee. Kule hakuna moto, kuna baridi. Wana mtungi mkubwa kama pipa, na baridi iliyomo humo haipo popote. Anasema huko juu katikati ya nyota na nyota ni joto ukilinganisha na ndani ya lile pipa.

Hakimu: Basi penye baridi pana blanketi.

Wembe alifumba macho. Mama Birika alimwongezea kahawa bila kuulizwa.

Wembe: Ngojeni niwaambie ya jana. Tunakula. Hajala hata nusu ya chakula chake, akaanza. Wana uzi wa dhahabu, mwembamba kushinda unywele. Wameukata kwa umeme, ukaacha ufa ambao jicho haliuoni. Kwenye ufa ikanasa molekuli moja. Moja tu! Na ndani ya molekuli kuna elektroni mbili.

Waya: Elektroni ni za kweli. Nazifanyia kazi.

Wembe: Kila elektroni ina kama kisumaku chake, wanakiita spini. Kinaelekea juu au chini. Sasa hizo mbili zilikuwa zimegeukiana, moja juu, moja chini. Zimetulizana, hazina habari na mtu. Elektroni za kwenye dhahabu zikija mlangoni, hazifunguliwi. Halafu pembeni kuna kitufe. Ukikigeuza kidogo tu, ghafla zile mbili zinabadilika hali. Zinaacha kugeukiana, zote zinaelekea upande mmoja. Hapo hapo zile za nje zinakuja mbio kuzizunguka, na umeme unapita.

Mimi: Si zimepashwa moto?

Wembe: Hapana! Hapo ndipo alipopandisha sauti. "Mume wangu, barafu inakuwa maji kwa sababu ya joto. Hizi zinabadilika bila joto lolote, kwenye baridi ile ile. Joto lote limekwisha, na bado kuna mabadiliko!" Sasa nyie ni watu wazima. Wawili waliokuwa wamegeukiana, wakaacha, bila ugomvi, bila joto. Hizo ni elektroni hizo? Hao ni mimi na yeye!

Hakimu: Hilo ni ungamo. Mahakamani tungeliandika vilevile lilivyo.

Waya: Ngoja, mzee. Wembe, umekosea hesabu. Wewe siyo elektroni.

Wembe: Mimi ni nani?

Waya: Elektroni ni shemeji na Daktari. Wewe ni dhahabu. Uko nje ya ufa, umekatwa, unakimbilia kuzunguka.

Wembe: Mimi dhahabu?

Waya: Iliyokatwa. Lakini dhahabu.

Hakimu: Nyote hamjui kusikiliza shauri. Dhahabu ni nini? Dhahabu ni pete! Uzi wa dhahabu umekatwa, maana yake ndoa imekatwa. Pete aliyovaa ni ya dhahabu?

Wembe: Ya fedha.

Hakimu: Unaona! Kaficha ushahidi. Na molekuli ni nini? Ni nyumba. Moja tu, haina jirani, wawili ndani. Anataka kukutoa kwenye nyumba. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mama Birika: Hiyo maana yake mgeni analeta heri.

Hakimu: Heri kwa nani, mama? Ndo nauliza.

Simu ya Wembe ililia. Aliitoa mfukoni mwa suruali, akaitazama kama mtu anayetazama chenji pungufu.

Wembe: Ni yeye.

Hakimu: Usipokee. Jana wewe ulipokelewa?

Waya: Muache aone mkondo ukikatika unavyouma.

Ililia mpaka ikanyamaza. Ikalia tena, ikanyamaza tena. Sisi wote tulijisikia wanaume sana.

Waya: Mimi nasema jambo hili ni kubwa kuliko mnavyodhani. Nilisikia redioni, kwenye redio niliyokuwa naitengeneza. Hivi vitu vidogo, mpaka uviangalie ndipo vinaamua. Kabla hujaangalia, viko pande zote mbili kwa pamoja.

Wembe: Maana yake?

Waya: Maana yake shemeji sasa hivi ana mtu, na hana mtu.

Wembe: Kwa pamoja?

Waya: Kwa pamoja. Ukienda kuchungulia, ndipo anaamua. Akiamua kuwa naye, wa kulaumiwa ni wewe uliyechungulia.

Hakimu: Nusu shari kuliko shari kamili. Asiende. Ila pia haraka haraka haina baraka, kwa hiyo aende sasa hivi.

Wembe alinigeukia mimi, kama mtu aliyezidiwa. Ningeweza kusema neno jema, lakini nilikuwa nafikiria kitu kingine. Nilikuwa nafikiria mke anayeacha chakula chake kumsimulia mume habari ya elektroni. Mke wangu mimi akiniona naingia husema, "Chakula kiko jikoni." Tumeishi vizuri, hatupigani, na hizo ndizo habari zetu. Nikamtazama Wembe na kahawa yake na uchungu wake, wivu ukanishika upya, mkali kuliko wa kwanza. Kumbe hata kuibiwa anaibiwa kisomi.

Mimi: Mimi naungana na Hakimu.

Wembe: Lipi? Niende au nisiende?

Mimi: Yote mawili.

Hakimu: Tatizo lako, Wembe, unamtafuta adui mbali. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wembe alishika mfuko wa shati haraka. Kamba ya buluu ilikuwa inaning'inia nje, ndefu.

Mama Birika: Una nini mfukoni?

Wembe: Hakuna.

Mama Birika: Baba, kamba naiona.

Aliitoa polepole. Ilikuwa kadi ya plastiki, ina picha ya mke wake na nembo ya chuo.

Wembe: Kadi yake ya mlango. Nimeichukua mimi. Leo hafungui.

Waya alijipiga kofi pajani. Hakimu aliinuka kabisa, akampa mkono. Mimi nilicheka, tena kwa sauti.

Wembe: Asubuhi ananiuliza, umeiona kadi yangu? Nikamwambia sijaiona. Anapindua mito, anamwaga mkoba sakafuni. Ananiambia Daktari kasafiri, leo niko peke yangu, lazima nikainyweshe ile mashine heliamu, ile gesi yao iliyopozwa mpaka ikawa kama maji, kabla jua halijawa kali, la sivyo itapata joto. Mnasikia? Mimi chai najipikia, mashine inanyweshwa!

Waya: Dharau hiyo.

Mama Birika: Kama Daktari kasafiri, leo angekuwa na nani mle ndani?

Tulimtazama. Hakimu alikohoa.

Hakimu: Huo ndio ujanja wenyewe.

Waya aliona tunapoteza mwelekeo. Alisema maneno yamekuwa mengi, kilichobaki ni kufanya jaribio, na vifaa vyote tunavyo. Benchi ni uzi wa dhahabu, ufa si huu? Mimi nikabaki mwisho wangu wa kushoto, yeye akahamia wa kulia, tukawa dhahabu. Wembe na Hakimu wakawekwa kwenye ufa, wamelikalia benchi kama wapanda farasi, magoti kwa magoti, wanatazamana.

Waya: Tulieni. Hii ndiyo hali ya kwanza. Mmegeukiana. Tuone kama mkondo unapita.

Watu walikuwa wanapita kwenda getini. Mama mmoja mwenye beseni aliwaona, akacheka, akaendelea na safari. Wanafunzi wawili walizunguka kwa mbali. Hakuna aliyesimama.

Waya: Umeona, Wembe? Hawasogei. Walio ndani wametosheka. Haya, nageuza kitufe. Wote tazameni upande mmoja, juu ya paa la maabara ya shemeji. Msipepese.

Waligeuka, wakakazia macho paa la chuo. Mwanzo hakikutokea kitu. Kisha mwenye mkokoteni alisimama nyuma yao, akatazama paa. Wanafunzi wale wawili wakarudi, wakatazama paa. Mama wa beseni akarudi pia. Muda si muda benchi lilikuwa limezungukwa, watu wanaulizana kuna moto, kuna nyoka, nani kapanda juu. Mmoja aliegemea benchi, ufa ukafunga, Hakimu akapiga ukelele, na ukelele ukaleta wengine.

Waya: Mkondo! Mkondo unapita! Bila joto! Shemeji kasema kweli!

Naapa, kwa muda ule mfupi niliielewa ile elektroni. Wawili wakitazamana, dunia inawapita. Wakitazama kitu kimoja, dunia inakuja kuuliza kuna nini.

Mtu mmoja mwenye ndevu za kukatika viraka alisogea mbele.

Mgeni: Mnaangalia nini?

Wembe: Hakuna kitu.

Watu walitusonya, wakatawanyika, mwenye mkokoteni akatuita wehu. Yule mwenye ndevu alibaki.

Mgeni: Mimi natafuta kinyozi.

Wembe: Ni mimi. Subiri kidogo, kaka, ndoa yangu inavunjika.

Mgeni: Pole. Nitasubiri.

Alikaa penye ufa baada ya Hakimu kumpisha akisugua paja, na hakuna aliyemwonya. Mama Birika alimpa kahawa. Waya na Hakimu wakamweleza kesi tangu mwanzo, wanapokezana, dhahabu, kitufe, spini, pete, nyumba, kadi. Aliisikiliza yote, anakunywa taratibu. Walipomaliza walimngoja atoe maoni, maana kila anayekaa pale lazima atoe maoni.

Mgeni: Mimi hayo ya elektroni siyajui. Nauliza tu. Alipokuwa anakusimulia, alikuwa na furaha?

Wembe: Nani?

Mgeni: Mkeo.

Hakimu: Swali hilo halihusiani na shauri.

Waya alifungua mdomo aseme mkondo, akaufunga. Mimi nilishika kiatu cha mtu, nikakigeuza huku na huku. Tulikuwa tumejadili tangu asubuhi na hakuna kati yetu aliyeuliza hilo.

Wembe: Alisimama. Aliacha chakula akasimama. Akachukua kijiko chake, akachukua na changu, mkononi mwangu, akavishika hivi. Kimoja juu, kimoja chini. Halafu akavigeuza.

Mgeni: Na uso wake?

Wembe: Sikuuona.

Mgeni: Si alikuwa mbele yako?

Wembe: Nilikuwa naangalia simu yake. Ilikuwa mezani, kifudifudi. Nilikuwa nangoja ilie.

Aliigeuza ile kadi akaitazama picha kwa muda mrefu. Ilikuwa picha ya kitambulisho kama zote, mtu kakaza macho.

Wembe: Hapa hacheki. Huwezi kujua.

Mama Birika: Kunywa kahawa, baba.

Wembe: Ameihangaikia hiyo molekuli tangu tunaoana. Zinaungua. Uzi unakatika vibaya, wanaanza upya. Usiku analia, mimi namwambia lala, kazi haiishi. Aliniahidi siku ikinasa moja, akaona ile hali ikibadilika kwa macho yake...

Mimi: Aliahidi nini?

Wembe: Kwamba ataniambia mimi kwanza. Kabla ya mama yake. Kabla ya yeyote.

Hakimu alikuwa anatafuta methali na kwa mara ya kwanza ilimkimbia. Jua lilikuwa limeshavuka kivuli cha kibanda, limetufikia magotini, tena la kuchoma.

Mama Birika: Na ile mashine, Wembe? Imekunywa?

Wembe alitoa simu akampigia. Tuliisikia ikiita, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Kisha akainuka akakimbia na taulo lake begani, kadi mkononi, kikombe kikaanguka na kumwaga mashapo ya kahawa.

Kutoka kwenye benchi geti linaonekana vizuri. Tulimwona akimwonyesha mlinzi ile kadi. Mlinzi aliangalia picha, akamwangalia yeye, akatikisa kichwa. Wembe akawa anaomba kwa mikono miwili, mtu ambaye hata bei ya ndevu hapunguzi. Mwisho mlinzi aliingia kibandani akapiga simu ya mezani, na baada ya kitambo shemeji alitokea anakimbia, hana mkoba, kilemba kimemlegea. Alipitisha mkono kwenye nondo, akachukua kadi. Wembe alisema kitu, kirefu. Shemeji hakumtazama usoni. Aligeuka akakimbilia maabara, na nikaona namna alivyokuwa anakimbia, nikajua hata yeye hana hakika kama atakuta kitu.

Waya: Labda baridi bado ipo.

Hakimu: Labda.

Wembe alibaki ameshika nondo, anatazama ule mlango uliojifunga. Hakuondoka. Mpita njia mmoja alisimama karibu yake, akatazama kule kule. Akasimama wa pili. Mama wa beseni, aliyekuwa anarudi sasa na beseni tupu, alisimama naye, akamuuliza kitu, na Wembe hakugeuka.

Mgeni alishika ndevu zake nusu, akanigeukia mimi.

Mgeni: Sasa kule anaangalia nini?

Nilimnyoshea Mama Birika kikombe changu ili nisijibu. Aliliinamisha birika, likatoa tone moja, akalifunika. Mungu anisamehe, hata pale getini, na aibu yake yote mbele za watu, nilimwonea wivu yule mtu. Jioni nitarudi nyumbani, nitaambiwa chakula kiko jikoni, na sijui kama kuna jambo lolote duniani ambalo mke wangu angetaka kuniambia mimi kwanza.